Umepima nini?

Nilimwonyesha mchumba wangu majibu yangu ya VVU nikijua kazi imeisha. Akayasoma, akanirudishia. "Haya ni ya ngoma. Magonjwa mengine ya zinaa je?" Nikabaki nimeduwaa. Miaka yote mtu akisema "nimepima, niko safi", niliamini kale katone ka damu ya kidole kamemaliza kila kitu.

Nikaanzia duka la dawa la mtaani, kama kawaida yetu. "Unatoa usaha? Unaungua ukikojoa?" Hapana. "Basi meza hivi tu, vinasafisha vyote." Nilifika navyo nyumbani, nikavikodolea macho. Vinasafisha nini, wakati hakuna aliyepima? Nikavitia kabatini.

Kesho yake nikaenda maabara mjini. Aibu yote ilikuwa dirishani. Foleni imenibana mgongoni, na dada wa mapokezi ana sauti ya mnadani: "Unapima nini, kaka?" Bahati nzuri nilikuwa nimeandika kwenye simu: kaswende, kisonono, klamidia, homa ya ini B, VVU. Nikamgeuzia simu asome mwenyewe. Akasoma kimya, akanikatia risiti. Katika safari yote hii, ujanja ninaojivunia ni huo tu. Kipimo cha klamidia kiliniuma mfukoni kuliko vingine vyote, maana mashine yake inatafuta vinasaba vya mdudu mwenyewe.

Damu ilichukuliwa mkononi, dakika haikuisha. Kwenye mkojo ndiko nilikoharibu. Mimi nimezoea U.T.I.: unamwaga wa mwanzo, unakinga wa katikati. Nikafanya hivyohivyo, nikarudi na kikopo changu nikijiona mtaalamu. Bwana wa maabara akatikisa kichwa. "Kaka, huo uliomwaga ndio niliokuwa nautaka. Hawa wadudu wanakaa njiani, mkojo wa mwanzo ndio unaowasomba." Ikabidi nikae benchi zaidi ya saa nzima bila kwenda haja ndogo, na maji mengi nikakatazwa. Wanawake, aliniambia, wanapewa kijiti chenye pamba, wanajichukulia wenyewe ukeni.

Majibu yalipotoka, kaswende hakuna, kisonono hakuna, VVU hakuna. Homa ya ini hakuna, nikachomwa papo hapo sindano ya kwanza kati ya 3 za chanjo. Klamidia ipo.

Nilibisha. Sijawahi hata kuwashwa! Daktari akasema wengi wenye nayo hawasikii chochote, na kwa mwanamke inaweza kupanda kimyakimya hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiharibu. Akaniandikia doksisaiklini ya miligramu 100, asubuhi na jioni kwa siku 7, nimeze na maji ya kutosha na nisijilaze papo hapo. Tendo la ndoa marufuku mpaka wote wawili tumetibiwa na siku hizo zimeisha. Baada ya miezi 3 nirudi, klamidia ipimwe tena, pamoja na VVU na kaswende, kwa kuwa maambukizi mapya huchelewa kuonekana kwenye damu. (Vile vidonge vya kabatini vilikuwa vya aina nyingine kabisa.)

Usiku nikampigia mchumba. Niliisema sentensi moja, kavu, kama nilivyoifanyia mazoezi kwenye daladala. Akanyamaza mpaka nikatazama kama simu imekatika.

"Hiyo maabara," akasema, "wanafungua saa ngapi?"