Likizo ya gofu Unguja: laleni mjini, chezeni Mangapwani

Shemeji yangu wa Dar kaniandikia WhatsApp kwamba yeye na wenzake watatu wa gofu wanakuja Unguja mwezi wa saba, na mpango washaupanga wenyewe: washuke boti, wapakiwe gari moja kwa moja mpaka risoti, wacheze, walale, waamke wacheze tena, siku ya mwisho warudi bandarini. Mji hawajauweka popote. Nikamwambia shemeji huo mpango hapana, nipe mimi niupange upya, maana miye mtoto wa hapa na gofu naicheza na siwezi kuona watu wanakuja Zanzibar halafu wanaishia kuona nyasi tu. Sasa kwa vile nimeshauandika wote nikaona niuweke na hapa, najua kuna wengine Dar, Arusha, Nairobi mpaka Maskati wanawaza jambo hilo hilo.

Kitu cha mwanzo mjue ukweli wa uwanja. Unguja gofu inachezwa pale risoti ya Sea Cliff, upande wa Mangapwani, kaskazini ya mji, kilomita 20 hivi. Ni mashimo tisa. Kila shimo unaweza kulianzia sehemu mbili tofauti kwa hiyo ukizunguka mara mbili unapata 18 yako ya mchezo kamili, na mara ya pili masafa yanabadilika, shimo ulilolipiga kwa fimbo ndogo sasa linataka fimbo nyengine kabisa. Ni uwanja mzuri, bahari unaiona, na upepo wa baharini unakuja bila kuzuiwa na kitu. Lakini ndugu zangu ni mashimo tisa. Mtu aliyezoea kwenda sehemu ana viwanja vitano vya kuchagua, akija hapa akajifungia risoti siku zote, ya tatu ataanza kusema amechoka. Kosa si la uwanja, ni mpango wake. Hapa likizo ya gofu inakuwa tamu ukiichanganya na mji, asubuhi ya gofu na kuanzia mchana ya mji, na ndo maana nasema laleni Mji Mkongwe. Kwenda Mangapwani asubuhi ni kama nusu saa au dakika arobaini kwa gari, na asubuhi ile foleni nyingi inaingia mjini wakati nyinyi mnatoka.

Kulala mjini kuna jambo moja la kulipanga mapema, nalo ni mabegi. Vichochoro vya Kiponda au Mkunazini gari haiingii, na nyumba zetu za zamani ngazi zake zimesimama wima, nyembamba, mara nyingi ni za mbao, na lifti hamna. Sasa begi la gofu lenye fimbo 14 ulipandishe ghorofa ya tatu kila siku ukitoka jua kali, hapana. Kabla ya kulipia chumba pigeni simu muulize mambo mawili tu: gari inafika umbali gani kutoka mlangoni, na je kuna sehemu chini karibu na mapokezi ya kufungia mabegi. Shangani na Malindi ni rahisi zaidi, barabara iko karibu. Na mkishuka bandarini na mizigo mingi wako mahamali wa rukwama, mnapatana bei kabla hajaanza kusukuma, mnamlipa vizuri, na atakufikisheni mlangoni hata pale ambapo ramani ya simu inapotea, maana vichochoro hivyo ramani inapotea sana.

Mwezi gani? Hapa ndo watu wengi wanakosea kwa sababu wanaangalia bei ya chumba tu. Masika, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, vyumba vinashuka bei lakini mvua ikiamua kunyesha inanyesha kweli kweli, uwanja unalowa na mipira inazama. Mwezi wa kwanza na wa pili ni kaskazi, joto kali, hewa nzito, ukifika shimo la tano shati lishaganda mgongoni. Vuli za mwezi wa kumi na moja mvua zake ni za kupita, zinakuja zinaondoka, unaweza kuvumilia. Mimi chaguo langu ni kuanzia wa sita mpaka wa tisa, wakati wa kusi, hewa imepoa na mvua kidogo. Kuna wageni wengi na bei ziko juu, hilo kweli, kwa hiyo wekeni oda mapema. Na Ramadhani angalieni inaangukia lini kabla ya kulipa chochote. Mjini mchana wa Ramadhani migahawa mingi imefungwa na kula au kunywa maji barabarani mbele ya watu waliofunga si adabu. Usiku wake ndo mtamu, mji unaamka, lakini mchezaji anayetaka kucheza juani huku amefunga ajipime mwenyewe.

Shemeji akaniuliza upepo wa kusi hauharibu mchezo? Unabadilisha mchezo, na kwa mimi huo ndo utamu wake. Asubuhi mapema upepo unakuwa bado mdogo, ukifika saa nne tano unakolea na mpira wowote unaouinua juu sana unakwenda unakotaka wenyewe. Waliozoea viwanja vya bara vyenye miti kila upande lazima wajifunze kupiga chini, mpira ukimbie karibu na ardhi. Kwa hiyo jitahidini kuanza mapema. Sisi tuko karibu na ikweta, mwaka mzima jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili na dakika kadhaa na magharibi inaingia kabla ya saa moja, hakuna zile jioni ndefu za Ulaya za kucheza mpaka saa tatu usiku. Mkishasali alfajiri mnywe chai nyepesi, mtoke, na mizunguko yote miwili iwe imekwisha kabla jua halijasimama utosini. Mwenye umri mkubwa apige tisa tu, zingine awaachie vijana.

Na mchukueni kedi, yule anayekubebea fimbo. Najua wengine mmezoea kubeba wenyewe au gari la umeme, lakini kedi wa hapa anaujua ule upepo. Nimewahi kusimama na kedi mmoja kijana, mimi nahesabu masafa kwenye simu, yeye haangalii simu wala bendera, anaangalia minazi ya mbali tu, makuti yake yanavyolala, akanambia kaka ongeza fimbo moja, yaani chukua inayopiga mbali zaidi, na elekeza kushoto kwa lile jabali. Nikafanya hivo hivo na mpira ukatua mahala pake. Sasa mtu kama huyo mpe haki yake, mpe na bakhshishi kwa mkono wako, maana wengi ni watoto wa vijiji vya pale pale na mgeni wa gofu asipowaachia kitu watu wa kijiji basi watabaki kuuona ule uwanja kutoka nje ya uzio.

Njia ya kurudi msiikimbilie. Mtu anayetoka Mangapwani kurudi mjini anapita kwenye historia nzima ya Unguja na wengi wanapita wamelala garini. Kule kule Mangapwani kuna pango la matumbawe lenye maji baridi chini, na mbele kidogo kuna chumba cha watumwa kilichochimbwa ndani ya jabali karibu na bahari. Mwaka 1873 Sultani Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, soko la Mkunazini likafungwa, lakini biashara ikaendelea kwa kificho na watu walifichwa humo. Unashuka ngazi, dari iko chini, mwanga unaingia kidogo sana. Nawaomba mkifika pale msiingie na makelele ya mchezo na picha za kucheka. Nendeni kimya, msikilize anayewaelezea, halafu mtoke.

Mkirudi kuna Kidichi kwenye hamamu za Kiajemi, Seyyid Said, sultani baba yake Barghash, alimjengea mkewe Shehrzad, mwaka 1850. Chini pwani kuna Mtoni, magofu ya kasri alilozaliwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, mwaka 1844, na Maruhubi, kasri ya Barghash iliyoungua mwaka 1899 zikabaki nguzo. Vyote hivyo siku moja vitakuchosheni, chukueni kimoja kila mkirudi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nilitaka hasa shemeji na wenzake walijue, na watu wengi hata hapa hapa Unguja hawalijui. Gofu Zanzibar haikuanza na hoteli. Enzi za Muingereza kiwanja cha gofu kilikuwa Mnazi Mmoja. Ndio, pale pale tunapopita kila siku. Zamani upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe, upande wa pili Ng'ambo, na katikati hori la bahari linalojaa na kupwa, likafukiwa kidogo kidogo miaka mingi, na eneo la Mnazi Mmoja likawa viwanja vya michezo ya wakubwa, gofu, kriketi, tenisi. Mtu wa Ng'ambo alikuwa anakwenda mjini kwenye kibarua chake anawaona mabwana wanapiga kijipira kwenye ardhi iliyo katikati ya nyumba yake na kazi yake, na yeye nafasi ya kucheza hana. Leo jioni nendeni mkaangalie, vijana wanapiga mpira wa miguu pale na sikukuu za Idi watoto wamejaa na nguo mpya na pesa zao za sikukuu mkononi. Mimi nafurahi sana kuona hivyo. Lakini gofu yenyewe ilivyorudi imerudi mbali na mji na kwa bei ya mgeni, na hilo linaniuma, kwa sababu mchezo huu hauna kabila wala rangi, unataka jicho na subira na watoto wetu vyote wanavyo. Natamani sana siku moja watoto wa skuli za Bumbwini na Mangapwani wapewe asubuhi moja kwa wiki na fimbo za kuazima. Mchezaji yeyote mwenye fimbo kuukuu nyumbani azibebe aje nazo, awaulize wenyeji wa uwanja ampe nani.

Basi mkiwa mjini tembeeni kutoka Mnazi Mmoja, piteni Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa 1925, mkate Vuga mpaka bustani ya Forodhani pale pwani. Beit al Ajaib, yaani nyumba ya maajabu, ya mwaka 1883, sehemu yake ilianguka Disemba 2020 kwa hiyo mtaiangalia kwa nje tu. Ngome Kongwe iko pembeni yake.

Na hapa kuna siri ya kupanga tarehe ambayo hamtaiona kwenye tovuti za hoteli: angalieni mwezi angani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari yetu inakupwa sana kwenye saa nne asubuhi na inajaa alasiri mpaka jioni. Maana yake asubuhi mko uwanjani hamkosi kitu, na mkirudi maji yashajaa, boti za kisiwa cha Changuu zinakwenda na kurudi vizuri kule kwenye kobe wakubwa, na magharibi ikikaribia vijana wanaruka kutoka ukuta wa Forodhani, mmoja anakimbia anajipindua hewani, mwengine kashamfuata kabla wa kwanza hajaibuka, na watu wamekaa wamejaa wanashangilia. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa zinageuka na hiyo jioni mnaikosa. Kwa hiyo shemeji nimemwambia asogeze safari siku chache mbele ili mwezi mpevu uwakute hapa.

Kula msihangaike. Forodhani usiku, ulizeni bei kwanza, pweza na mishikaki na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Lakini urojo uleni mchana mtaani, kibanda chenye foleni ya watu wa ofisini, bakuli la moto lenye bajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo juu na pilipili mnaweka wenyewe. Kahawa ni Jaws Corner, ile kona ya wanywa kahawa ndani ya Mji Mkongwe, kaeni barazani msikilize siasa na mpira. Kaptura za gofu zibaki uwanjani, mjini vaeni suruali na akina mama wajistiri mabega na magoti, na Ijumaa mchana msipange kitu kwa sababu dereva wenu anakwenda kuswali.

Wanaotoka bara na wanataka mashimo 18 kamili, chezeni klabu ya Dar Gymkhana siku moja kabla ya kuvuka, halafu boti ya asubuhi, kama masaa mawili mko Malindi. Funikeni vichwa vya fimbo kwa taulo ndani ya begi na andikeni jina na namba ya simu kwa herufi kubwa, mizigo inarundikwa pamoja na kila mtu anavuta lake. Wageni kutoka nje ya nchi tangu Oktoba 2024 wanatakiwa walipie bima ya Zanzibar, dola 44, mnalipia onlaini kabla hamjaja, msisubiri foleni ya uwanja wa ndege.

Shemeji kakubali, isipokuwa mmoja wa wenzake bado anataka usiku mmoja alale kule kule Mangapwani aone jua linavyozama baharini. Hiyo sina ubishi nayo, nimemuwekea usiku wa mwisho.