Mawimbi jangwani? Maji yatoke wapi jamani

Yaani hii ishu ya mji wa La Quinta kule California, Marekani, bado inaniuma. Wawekezaji walitaka kujenga bwawa la mawimbi ya kuteleza na ubao, mradi wa Coral Mountain, katikati ya jangwa ambako Julai joto linapita nyuzi 45, na kulijaza tu ni galoni milioni 18, karibu lita milioni 68, mi nimepiga hesabu kwa ndoo zetu za lita 20 nikapata ndoo milioni 3.4! Na hapo sijagusa maji yanayopaa kila siku kwa jua, maana lazima uongeze, uongeze tena.

Sawa, bonde la Coachella, ulipo mji huo, lina viwanja vya gofu zaidi ya 100 navyo vinakunywa sana, lakini hiyo si sababu ya kuongeza mnywaji mwingine wakati mto Colorado, unaoleta maji bonde hilo, umechoka. Julai 2022 Ziwa Mead, bwawa kubwa la mto huo, lilishuka hadi ule mstari mweupe ulioachwa na maji kwenye miamba ukaonekana kama pete ya uchafu kwenye beseni.

Wakazi walienda vikaoni wakapinga, na Septemba 2022 madiwani wakayakataa yale mawimbi. Nilifurahi sana aisee.