Kivinjari Kilichoanza Kula RAM Baada ya Kusasishwa

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, saa mbili asubuhi, niliwasha kompyuta yangu mpakato ili niendelee na tafsiri niliyotakiwa kuikabidhi Ijumaa, na kivinjari kikaniarifu kwamba kimesasishwa. Sikulitilia maanani. Ilipofika saa tano feni ilikuwa ikivuma bila kupumzika, herufi nilizoandika zilitokea kwenye skrini sekunde mbili baada ya kuzibonyeza, na taa ndogo ya diski, ambayo kwa kawaida hupepesa tu, ilikuwa imewaka moja kwa moja. Kompyuta hii niliinunua Kariakoo ikiwa mtumba. Ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 4 na diski ya kizamani ile ya kuzunguka, lakini ilikuwa imenihudumia miaka miwili kwa kazi ileile, nikiwa na vichupo (kurasa zilizofunguliwa pamoja) vilevile, bila kuganda namna hiyo.

Fundi wa jirani aliitazama kwa dakika tano akaniambia, “Dada, hapa tupige Windows upya tu.” Rafiki yangu mwingine akanishauri nifute akiba, yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari hujiwekea, na vidakuzi vyote, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti hutumia kukutambua. Ushauri huu wa pili ndio unaotolewa kila mahali, nami naona unawaumiza watu bure, kwa sababu akiba ya kivinjari kwa sehemu kubwa hukaa kwenye diski, wakati tatizo langu lilikuwa kwenye RAM. Anayefuta vyote viwili hapati nafuu ya maana ya kumbukumbu, ila siku inayofuata analipia kwa bando lake kupakua upya picha na maandishi ambayo tayari alikuwa nayo, tena anajikuta ametolewa kwenye akaunti zake zote.

Ni kweli kwamba kivinjari huwa kizito kidogo mara tu baada ya kusasishwa, na uzito huo hauna ubaya wowote. Msimbo wa kurasa ambao kivinjari kilikwisha kuutafsiri na kuuhifadhi kwa ajili ya toleo la zamani haufai tena katika toleo jipya, kwa hiyo hutupwa na kutayarishwa upya kadiri unavyotembelea tovuti zako. Vilevile hifadhidata za historia na alamisho huenda zikapangwa upya. Kazi hiyo hufanyika mara moja ikaisha. Nilikipa kivinjari siku nzima ya Jumatatu, na Jumanne hali ilipokuwa ileile nikajua kwamba kuna jambo jingine.

Jumatano asubuhi nilichukua daftari la kaunta, nikachora safu tano, nikafungua kidhibiti cha shughuli cha kivinjari chenyewe. Wengi hawakifahamu, kwani wamezoea kile cha Windows, ambacho huonyesha jina la kivinjari likijirudia mara kumi na tano bila kueleza kila mstari unafanya kazi gani. Katika vivinjari vingi vya jamii ya Chromium, kama Chrome na Edge, na pia katika Firefox kwa Windows na Linux, ukibonyeza Shift pamoja na Esc unapata jedwali linalotaja kila kichupo na kiasi cha kumbukumbu kinachotumia. Nilifungua vichupo vyangu vya kila siku, yaani barua pepe, kamusi na lahajedwali ya istilahi, kisha nikafanya kazi kama kawaida huku nikiandika tarakimu kila baada ya muda.

Saa mbili na dakika 40, barua pepe ilikuwa na megabaiti 240, lahajedwali 260, kamusi 110, na kiendelezi kimoja kidogo, yaani programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari, kile kinachonionyesha maana ya neno ninapoliwekea kishale, kilikuwa na 90. Saa tatu kamili barua pepe ilikuwa palepale na lahajedwali ilikuwa imepanda kidogo ikashuka, lakini kiendelezi kilikuwa kimefika 190. Saa nne kilikuwa kwenye 500. Saa tano, wakati ule ambapo herufi huanza kuchelewa, kilikuwa kimefika 810, kimezipita kurasa zangu zote tatu zikijumlishwa. Kitu kinachotafsiri neno mojamoja!

Ningependa msomaji auone mwenendo huu kwa makini, kwa sababu watu wengi hutazama ukubwa wa tarakimu peke yake. Ukurasa wenye megabaiti 600 unaweza kuwa na haki yake, kama ni ramani au lahajedwali kubwa. Unapanda, unatua, na ukiufunga kiasi hicho kinarudi. Dalili ya kumbukumbu inayovuja ni kupanda bila kutua, hasa pale unapofunga kurasa na tarakimu isishuke. RAM inapokaribia kujaa, Windows huanza kuhamishia diskini sehemu zisizotumika sana na kuzirudisha zinapohitajika, na kwa diski ya kuzunguka safari hizo ndizo zinazoifanya kompyuta igande. Ile taa iliyowaka bila kuzima ilikuwa ikinieleza hivyo tangu Jumatatu.

Hata hivyo sikutaka kukihukumu kiendelezi kwa ushahidi wa asubuhi moja. Kwanza nilifungua vichupo vilevile katika hali fiche (incognito), ambako viendelezi havifanyi kazi mpaka uviruhusu mwenyewe, nikafanya kazi saa mbili nzima bila tatizo. Baada ya hapo nikatengeneza wasifu mpya mtupu, yaani seti mpya ya kivinjari isiyo na mipangilio wala viendelezi vyangu, nikaweka kiendelezi hicho peke yake, nikafungua makala ishirini mojamoja, kila moja nikiifunga kabla ya kufungua nyingine. Kilianza na megabaiti 85 kikamaliza na 265. Kila makala niliyoifunga ilikuwa imeacha karibu megabaiti 9 nyuma yake. Kilikuwa kinashikilia kurasa ambazo hazipo tena.

Kwa anayetumia Firefox, viendelezi vyote hukaa katika mchakato mmoja, yaani kompyuta huviendesha kama programu moja, hivyo itambidi avizime kimoja baada ya kingine huku akiangalia tarakimu. Humo pia kuna ukurasa wa about:memory unaoeleza kumbukumbu imekwenda wapi kwa undani wa kushangaza. Ukurasa huo una historia ninayoipenda. Firefox 4 ilipotoka Machi 2011, malalamiko ya kumbukumbu yalikuwa mengi, na mwaka huohuo Mozilla, waundaji wa Firefox, ikaanzisha mradi ulioitwa MemShrink, ukiongozwa na Nicholas Nethercote, wa kuwinda kila megabaiti iliyopotea. Firefox 7, iliyotoka Septemba mwaka huo, ilikuwa na matumizi madogo zaidi ya kumbukumbu, lakini malalamiko hayakwisha, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa viendelezi kung’ang’ania kurasa zilizokwisha kufungwa. Firefox 15 ya Agosti 2012 ikaanza kukata kamba hizo kwa nguvu. Kwa hiyo nilichokiona kwenye daftari langu ni ugonjwa wa zamani.

Kuna uzito mwingine ambao ni halali, na mwenye kompyuta ya gigabaiti 4 ni vizuri aufahamu. Baada ya udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre kutangazwa Januari 2018, vivinjari vilianza kuitenga kila tovuti katika mchakato wake ili tovuti moja isiweze kuchungulia siri za nyingine. Chrome 67 ilipowasha ulinzi huo mwaka huo, Google yenyewe ilikadiria kwamba kumbukumbu itaongezeka kwa asilimia 10 hadi 13, na Firefox nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2021. Sisi wenye mashine za mtumba tuliusikia uzito huo, lakini mimi ninayefungua akaunti ya benki katika kivinjari hikihiki siko tayari kuubadilisha kwa wepesi wowote.

Kwa sababu hiyohiyo sikurudi kwenye toleo la zamani, ingawa nilishauriwa pia. Unaporudi nyuma unaacha wazi matundu ambayo toleo jipya limeyaziba, na isitoshe wasifu uliokwisha kupangwa upya na toleo jipya hausomeki vizuri na la zamani. Firefox, tangu toleo la 67 la mwaka 2019, kwa kawaida hukataa kuufungua.

Nilipokiondoa kiendelezi, kasi ya kuandika ilirudi mara moja, ila feni iliendelea kuvuma kila nilipotazama video. Ukurasa wa chrome://gpu, ambao katika Firefox mfano wake ni about:support, ulinionyesha kwamba video zilikuwa zikifanyiwa kazi na prosesa badala ya kadi ya picha. Draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, ilikuwa ya miaka mingi iliyopita. Nilipakua mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, nikaiwasha upya, na feni ikanyamaza.

Tafsiri niliikabidhi Ijumaa jioni, nimechelewa kwa saa chache. Jumamosi niliwaandikia waundaji wa kiendelezi: toleo la kivinjari, toleo la kiendelezi, hatua za makala ishirini na tarakimu zote kutoka kwenye daftari. Nilijibiwa Jumanne. Walieleza kwamba kiendelezi chao kilikuwa kinangoja ishara ya zamani ambayo ukurasa huitoa unapofungwa ndipo kisafishe kumbukumbu, na kwa toleo jipya la kivinjari ishara hiyo haikuwa ikiwafikia tena. Kiendelezi kilichorekebishwa kilitoka baada ya wiki tatu. Nilikiweka katika ule wasifu mtupu, nikafungua na kufunga makala zilezile ishirini, kikaanza na megabaiti 85, kikapanda hadi 97, kikarudi 86.