Ukungu chumbani kwa mtoto, nilivyoelewana na mwenye nyumba

Nimepanga Sinza hapa Dar, ghorofa ya pili, vyumba viwili, kodi nililipa ya miezi sita kwa mpigo kama kawaida ya huku. Masika ya kwanza tu ukuta wa chumbani kwa mtoto ukaanza madoa meusi pale chini, nikajua ni uchafu nikasugua na jiki, wiki mbili nyingi yamerudi makubwa zaidi na rangi inabanduka kama maganda. Mwanangu ana pumu. Usiku anakohoa mpaka namuegemeza kifuani tunakesha hivyo hivyo wote wawili, ile hali siisahau.

Nikampigia mama mwenye nyumba, nikamuamkia nikamueleza. Akanambia "mwanangu, nyie mnafunga madirisha kutwa nzima alafu mnaanika nguo ndani, ukungu utakosaje?" Iliniuma ila nguo kweli nilikuwa naanika ndani sababu ya mvua, na kabati nimelibananisha na ukuta, kwahiyo nikakosa pa kubishia. Akaleta fundi akapiga rangi juu ya madoa. Siku kama 20 hivi doa likatokea pale pale.

Hapo ndo nikaona tutagombana mpaka lini nani ana kosa wakati hakuna anaejua maji yanatoka wapi. Fundi bomba mmoja akanambia dada, chukua kipande cha nailoni nyeupe ya kuonyesha, bandika ukutani na selotepu pande zote nne hewa isipite, kaa siku mbili. Ukikuta unyevu juu ya nailoni, huku upande wa chumbani, huo ni mvuke wenu wa nguo na kupika na kuoga, hiyo ni juu yako mpangaji. Ukiukuta kwa ndani, upande wa ukuta, basi ukuta wenyewe una maji. Nikabandika viwili, kimoja kwenye doa kingine karibu na dirisha. Cha dirishani kikavu kabisa, cha kwenye doa matone yamejaa kwa ndani. Nikapiga picha.

Nyuma ya ukuta ule kuna bafu letu. Tukafunga koki zote tukashuka kuangalia mita, kale kagurudumu kadogo bado kanazunguka taratibu, yaani kuna maji yanavuja mahali! Kumbe na bili ya maji iliyokuwa inapanda kila mwezi ndo hiyo hiyo.

Nikaandika barua ukurasa mmoja kwa heshima, nikaambatanisha picha na bili. Nikamkumbushia Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 88, kwamba nyumba ya kuishi ukiipangisha inatakiwa ifae kukaliwa na binadamu siku mtu anaingia na muda wote wa upangaji, labda kama mkataba umesema vingine, na wetu ulisema mpangaji ni marekebisho madogo tu, taa, vitasa, koki. Bomba lililofukiwa ukutani sio dogo. Ila nikaandika na ya kwangu, kwamba kabati nalisogeza kiganja kizima kutoka ukutani na nguo naanika kibarazani. Nadhani hiyo ndo ilimlainisha, sababu alikuja mwenyewe, akaushika ukuta kwa mkono, akanyamaza kidogo alafu akasema "pole mwanangu, mlete huyo fundi."

Ukuta ukachimbwa, kumbe elbo, kile kiungo cha bomba cha kwenye kona, imepasuka. Mama akalipa kila kitu, mimi nililipa ile siku ya kwanza ya fundi tu. Walitaka kupiga plasta kesho yake nikakataa kabisa, ukifunika ukuta mbichi ukungu unarudi, tukauacha wazi wiki tatu feni inapuliza na mtoto analala chumbani kwetu.

Masika hii ukuta mkavu na inhela ya mtoto inakaa muda mrefu kwenye droo. Wakati wa kuhuisha mkataba tulipita na mama kila chumba tukapiga picha za kuta pamoja, tukaongeza mstari mmoja: mabomba ya ndani ya ukuta ni ya mwenye nyumba, kupitisha hewa ni kwa mpangaji. Akasaini, nikasaini.