Siku moja na biskuti za shokishoki

Saa 10 alfajiri oveni ishawaka. Donge nililikanda jana kwa siagi na iliki. Nalisukuma, nakata miduara 60, naoka. Saa 1 zimepoa.

Saa 2 namimina aisingi, sukari ya kupambia, nyepesi kama uji, nyekundu ya ganda na nyeupe ya nyama, maana kila biskuti ni shokishoki, lile tunda la ganda lenye nywele, iliyomenywa nusu. Nyekundu naikoroga siku moja kabla. Rangi hukolea ikilala. Ukiilazimisha papo hapo utaitia mpaka iwe chungu. Mbele yangu nimeweka kishada cha shokishoki nilichonunua sokoni Darajani, nizitazame zenyewe. Nywele zake si nyekundu moja kwa moja, nchani zina ukijani, na kila mmoja umepinda upande wake.

Saa 4, feni ikikausha, akaingia shangazi wa bibi harusi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona hazina nywele?”

Nikamweleza kwamba nywele huja baada ya aisingi ya chini kukauka. Akampigia bibi harusi. Bibi harusi anataka za manjano, kwani zipo shokishoki za manjano. Shangazi anasema hapa Unguja shokishoki ni nyekundu. Wakavutana hivyo karibu saa nzima, mimi nimesimama na koni ya kukamulia mkononi, aisingi inaganda kwenye tundu. Ikabaki nyekundu. Kisha bei: “Shilingi 2,000 kwa unga na sukari tu?” Sikupunguza. Iliniuma, maana unywele mmoja ni kubana, kuachia, kuvuta, na biskuti moja hubeba zaidi ya 100.

Alipoondoka tu, umeme ukakatika. Kaskazi hii hewa ina maji. Bila feni aisingi hailali kavu. Nikapepea kwa kipepeo cha ukili, wapi. Nyekundu ikaanza kuingia kwenye nyeupe. Biskuti 11 zikawa na nyama ya waridi, na shokishoki haina nyama ya waridi. Nikazikwangua zote, nikaanza upya.

Umeme ulirudi alasiri, sikuangalia saa. Nilivuta nywele mpaka kiganja kikafa ganzi, nikakikanda kwa maji ya moto, nikaendelea. Magharibi, isha, bado navuta. Mwisho brashi nyembamba, kijani kidogo kwenye kila ncha.

Usiku mkubwa nikazifunika kwa chandarua, 60 kamili. Nikamenya shokishoki ya mwisho sahanini. Nywele zake zilishaanza kunyauka. Zangu zimesimama.