Regulata ya kegi haivuji tena

Wiki tatu hapa Nyakato, Mwanza, gesi ya kaboni dayoksaidi inayosukuma bia yangu ya tangawizi imekuwa ikiisha kabla ya kegi (pipa la bia), na kila mtu ananiambia niongeze tepu ya kuziba nyuzi. Jana nimelipata tatizo. Regulata niliyoagiza, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, ina nyuzi za robo inchi za Kimarekani, NPT, nyuzi 18 kwa inchi. Kiunganishi nilichonunua mjini ni cha Kiingereza, BSP, nyuzi 19 kwa inchi. Vinaingiana mizunguko miwili mitatu, vinakaza, unaamini umemaliza, kumbe gesi inajipenyeza taratibu. Tepu haizibi hilo.

Fundi wa kukereza vyuma kule Igoma akanichongea adapta: upande mmoja NPT, mwingine BSP. Kazi safi, Mungu ambariki! Nikaongeza valvu ya njia moja ili bia isirudi kwenye regulata. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo, hakuna kiputo hata kimoja.

Jamani, regulata ya gesi ya jikoni msiifunge kwenye mtungi wa kaboni dayoksaidi. Kwa joto letu mtungi huo una presha ya zaidi ya bar 50, ile ya jikoni haikutengenezwa kwa presha hiyo.

Leo nimeweka presha ya psi 12. Bia ya tangawizi imetoka baridi, povu limesimama. Nimefurahi mno.