Siku Moja Maishani Mwangu: Kocha wa Kuogelea wa Watu Wazima Wanaotaka Kuzamia

Saa 11:15 alfajiri nilikuwa ukingoni mwa bwawa, taa nusu zimewaka, na kazi ya kwanza haikuwa kufundisha bali kupima maji. Kichupa huzamishwa hadi kina cha kiwiko, mbali na matundu yanayorudisha maji yaliyochujwa, kisha hutiwa dawa na rangi yake ikalinganishwa na ile ya kwenye kadi. Kiwango cha pH, yaani kipimo cha asidi majini, kinapaswa kuwa kati ya 7.2 na 7.8, kikipanda zaidi ya hapo klorini hupungua nguvu, kikishuka macho ya watu huanza kuwasha. Wageni wengi hudhani kwamba bwawa linalonuka klorini kuliko mengine ndilo safi kuliko yote, kumbe harufu ile kali hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Letu halikunuka. Niliandika kipimo daftarini, nikafunga kamba za kugawa njia.

Ninafundisha watu wazima, na wengi wao siku hizi hawaji kwa ajili ya kuogelea kwenyewe. Wanataka kuzamia kwa mtungi wa hewa, na wameambiwa wajiweke sawa majini kwanza. Walio nje ya kazi hii hushangaa: mzamiaji ana mapezi miguuni, ana mtungi mgongoni, ana koti la kujazwa hewa la kumwelesha, kuogelea kwa nini tena? Jibu la kitaratibu ni kwamba kozi ya awali ya PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia, humtaka mwanafunzi aogelee mita 200 bila kusimama, au mita 300 akiwa na maski, mapezi na bomba la kupumulia, kisha abaki juu ya maji kwa dakika 10 bila kushika chochote. Jibu langu mwenyewe ni refu zaidi, na hunichukua siku nzima kulitoa.

Kundi la saa 12 asubuhi ni la watu wanaowahi kazini. Waliingia, wakamaliza mizunguko yao, wakaondoka nywele zikiwa bado zinachuruzika, na sina zaidi la kulisimulia.

Saa 3 ni zamu ya mama mmoja mstaafu ambaye watoto wake wote ni wazamiaji, naye ameapa kwamba hatabaki tena juu ya mashua akilinda viatu vyao. Kuelea anajua, lakini uso wake ulikuwa haujawahi kuingia majini kwa hiari yake. Tulisimama pale maji yanapofika kifuani, vidole vya mkono wake wa kushoto vikiwa vimeng'ang'ania ukingo hadi kucha zikapauka. Kazi ilikuwa moja tu: kutia uso majini na kutoa pumzi. Mtu mzima mwenye woga hufunga kinywa, huibana hewa kifuani, huinuka akiwa amejaa pomoni, kisha hujaribu kuvuta nyingine juu ya ile. Ndipo anaposema ameishiwa pumzi, ilhali mapafu yake hayana hata nafasi ya kuipokea. Nilimwambia agune taratibu kupitia puani, kama anayembembeleza mjukuu alale, kwa kuwa hakuna anayeweza kuguna na kubana pumzi kwa wakati mmoja. Mwanzoni yalitoka mapovu machache, ya kukatikakatika. Baadaye yakawa mkondo, na nikaona kidole kimoja kimeachia ukingo, kisha cha pili, kisha kiganja kizima. Nilinyamaza, maana ukimsifu mtu wakati ule hukumbuka kushika tena.

"Mwalimu, nimeachia?" aliniuliza alipoinuka.

"Umeachia zamani, mama."

Watu huniona nimesimama majini na filimbi shingoni wakadhani nalipwa kwa kuota jua. Asubuhi ya kidole kimoja kimoja namna ile ndiyo kazi yenyewe, na sijui kama ningeibadilisha na nyingine.

Mchana nilikula nimesimama huku nikipitia fomu za afya, na hapo huwa sina masihara. Mtu akiingia majini, shinikizo la maji husukuma damu kutoka miguuni kuelekea kifuani, na moyo hulazimika kuubeba mzigo huo hata kabla hajapiga teke la kwanza. Matatizo ya moyo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazamiaji, hasa waliokwisha kuupita ujana. Fomu yenye "ndiyo" mahali panapohitaji idhini ya daktari hurudi kwa mwenyewe, hata kama ameshalipia mafunzo yote, na anayenuna anune.

Saa za alasiri zilipita ndani ya maji, darasa baada ya darasa, na uchovu wake si ule ambao watu huufikiria. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, hivyo bwawa lenye nyuzi 28, ambalo muogeleaji huliona vuguvugu, humtetemesha kocha anayesimama humo kwa saa kadhaa akishika visigino vya wengine. Ngozi ya vidole hujikunja, sauti hukwaruza kwa kushindana na mwangwi wa paa, na kufikia jioni nilikuwa natamani chai kuliko kitu chochote.

Ndipo akaja yule bwana.

Alichelewa nusu saa, kifua kipana, mikono ya mtu anayenyanyua vyuma, na safari yake ya kuzamia alikuwa ameshailipia. "Kocha, mimi pumzi ninayo," ndiyo iliyokuwa salamu yake. Nilimwomba aogelee taratibu. Aliruka majini, akayapiga maji kwa ghadhabu, miguu ikiburuzika chini yake kwa sababu misuli ni mizito kuliko mafuta na mapaja yake yote ni misuli, na kabla ya kumaliza mita 50 alikuwa amening'inia kwenye kamba, anahema. Nilimweleza kwamba maji yana uzito wa karibu mara 800 ya hewa kwa ujazo uleule, na kwamba anayeongeza kasi maradufu hukutana na ukinzani wa takriban mara nne, kwa hiyo nguvu alizokuja nazo ndizo zilizokuwa zikimchosha. Alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayesubiri umalize.

Kisha akanieleza mpango wake. Alitaka muda uliobaki tuutumie kwa yeye kupita chini ya maji, ukingo hadi ukingo, kwa pumzi moja, "ili mapafu yazoee." Wakati naeleza kwa nini haiwezekani, tayari alikuwa ameanza kuvuta na kutoa pumzi harakaharaka ajiandae. Nilipuliza filimbi na kumtoa majini, jambo ambalo silifanyi mara kwa mara kwa mtu mwenye mvi.

Tulibishana ukingoni kwa muda mrefu kuliko aliokuwa ameogelea. Haja ya kupumua, nilimwambia, huletwa hasa na hewa ya ukaa inayorundikana kwenye damu, wala si oksijeni kupungua. Anayehema kwa kasi kabla ya kuzama huifukuza hewa ya ukaa bila kuongeza oksijeni ya maana, mwili huchelewa kumpa ishara, naye huweza kuzirai chini ya maji bila kuhisi dalili yoyote. Alijibu kwamba anao rafiki anayefanya hivyo kila siku. Nikamwambia kwamba hata rafiki huyo akiishi miaka mia, zoezi hilo halimfai mzamiaji wa mtungi, kwa kuwa kanuni ya kwanza atakayofundishwa huko aendako ni kutobana pumzi kabisa: hewa aliyoivuta akiwa kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili anapofika juu, na mapafu yaliyofungwa huchanika. Alinyamaza kidogo. Kilichomwingia hasa, nadhani, ni hesabu ya mtungi. Kwenye kina cha mita 20 shinikizo ni mara tatu ya lile la juu, hivyo kila pumzi hula hewa mara tatu, na mtu anayehema kama alivyohema yeye kwenye kamba atamaliza mtungi wake wakati wenzake wangali na hewa tele, kisha kundi zima litalazimika kupanda kwa ajili yake.

"Yaani nitawaharibia safari?"

"Utawaharibia, bwana."

Alivaa mapezi. Hapo napo tulikwama, kwa sababu alileta miwani ya kuogelea akitaka kushuka nayo upande wa kina kirefu, nami ikanibidi kueleza kwamba miwani ile haifuniki pua, hivyo hakuna njia ya kuipulizia hewa, na shinikizo linapoongezeka huyafyonza macho hadi damu ikavilia. Nikampa maski. Nilimlaza chali, nikamtaka apige miguu kuanzia nyongani, goti likikunjika kidogo tu, mikono ikiwa imetulia kifuani, kwani mzamiaji hana matumizi makubwa ya mikono. Mguu wa kulia ukamkaza misuli katikati ya bwawa, nikamwonyesha namna ya kuishika ncha ya pezi na kuivuta kuelekea kwake huku goti likinyooka, na pale ndipo kwa mara ya kwanza jioni ile alipofanya jambo bila kubisha. Baada ya hapo aliogelea kifudifudi, polepole, mapovu yakitoka bila kukatika. Mita 200 hakuzifikisha, lakini safari hii alisimama kwa sababu mlinzi alikuwa anazima taa, si kwa sababu ameishiwa pumzi.

Saa zilizofuata sizikumbuki vizuri: kukunja kamba, kusuuza maski, kuandika kadi za wanafunzi kwa mwandiko ambao kesho nitapata taabu kuusoma. Nilikuwa kitandani ujumbe wake ulipoingia, akiuliza kama zile dakika 10 za kuelea anaweza kuzifanya akiwa amevaa suti nene ya kuzamia inayoelea yenyewe. Nilimjibu kwamba jaribio hilo hufanywa bila msaada wa kifaa chochote cha kuelea, kwamba tutaanza nalo siku ya Alhamisi, na kwamba afike kwa wakati.